Mguu ukishakatwa, ni sukari inaua ao ni kukosa franga?

Mama mmoja jirani hapa Majengo, Goma, alikatwa mguu juu ya goti sababu ya sukari, operesheni ikaenda muzuri, kigutu kikapona, kisha miezi 8 tukamuzika. Kwa kilio watu wakagawanyika, bamoja eti sukari njo ilimumaliza, wengine eti ni umaskini tu.

Wenye kusema ni sukari hawasemi uongo. Mutu akifika mpaka kukatwa kwa sukari ao mishipa kuziba, moyo na figo navyo mara nyingi vimeshachoka, njo maana hata Ulaya kwenye dawa ziko, nusu yao ao zaidi hawamalizi miaka 5. Na wenye kukatwa juu ya goti wanakufa mapema kuliko wa chini ya goti. Uingereza wanapima umaskini mtaa kwa mtaa, na ukishaondoa kwa hesabu umri, sigara na magonjwa mengine, pengo la vifo kati ya maskini na tajiri linapungua.

Sawa, lakini ukiondoa magonjwa yenye umaskini wenyewe umeleta, umebakiza nini cha kupima? Mama yetu kidonda cha kidole alikiosha na maji ya chumvi wiki na wiki sababu kule lopitali waliomba kosyo (franga ya kutanguliza) kwanza, kufika mguu umeshakuwa mweusi. Kwa daftari: "alifika kwa hali mbaya." Bas.

Ila tusilinganishe ovyo pia. Goma wengi wanakatwa sababu ya risasi na bombe, kama mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia na majeruhi wakajaa kila lopitali, na hao wengi ni vijana wenye moyo mzima, ukiwaweka kando ya mzee wa Ulaya utasema vita ni afadhali kuliko sukari! Tena kwa lopitali ya CBCA Ndosho, CICR (Msalaba Mwekundu wa kimataifa) inasaidia kuwapasua bure, kwa kisu maskini na tajiri wako sawa. Tofauti inaanzia pa mulango wa kutokea. Kituo cha walemavu cha hapa Goma, Shirika la Umoja, wanatengeneza miguu ya bandia, lakini lazima urudi kupimwa, kurekebishwa, na magongo juu ya mawe ya volkano si mchezo, na insulini inataka baridi wakati kura (umeme) inakatika kila siku.

Mama alikosa franga ya moto (pikipiki) mara 2 siku ya kupimwa, akaanza kukaa tu ndani. Kartasi ya kifo iliandika moyo.