Baridi yabisi haitokani na baridi

Jina lenyewe linatupoteza. Kipupwe cha Juni na Julai kikishuka Dodoma, anayeamka vidole vimekakamaa huambiwa ajichue mafuta, avae sweta, asubiri joto. Oktoba inafika na jua lake, vidole viko vilevile. Hali ya hewa haina kosa hapa: ni kinga ya mwili inayoshambulia utando wa ndani wa viungo. Utando ukivimba unakula gegedu na mfupa, na mfupa ulioliwa haurudi.

Ninaloliona baya zaidi ni diklofenaki. Inatuliza maumivu bila kuzuia mfupa kuliwa, tena huchubua tumbo na kuumiza figo. Mtu anapata nafuu ya duka la dawa, na miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, ambayo tiba ingefaa kuliko wakati wowote, inapita hivyohivyo.

Vifundo vya vidole vikivimba mikono yote miwili, ukakamavu wa asubuhi ukizidi nusu saa, na hali hiyo ikidumu wiki sita, muone daktari wa magonjwa ya ndani. Kipimo cha damu cha RF, kinachotafuta kingamwili zinazohusishwa na ugonjwa huu, kikitoka hasi usishangilie. Kwa wagonjwa wengi tu hutoka hasi. Kinaweza pia kutoka chanya kwa mwenye kifua kikuu. Kwa wafugaji, brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, nayo ipimwe, maana huuma viungo.

Dawa ya msingi ni methotreksati, vidonge vya miligramu 2.5. Wengi huanza na vinne hadi sita, vyote mara moja kwa WIKI, pamoja na foliki asidi miligramu 5 siku nyingine. Anayeinywa kila siku hukausha uboho, na anaweza kufa. Andika siku yenyewe juu ya boksi.

Huchukua wiki 6 hadi 12 kufanya kazi, na wengi huiacha wiki ya tatu wakidhani imeshindwa. Ndiyo maana daktari huongeza prednisoloni kidogo, dawa ya kupunguza uvimbe upesi, kwa muda mfupi. Damu, ini na figo hupimwa kila wiki mbili hadi nne mwanzoni. Methotreksati haifai kabisa kwa mjamzito, na mvinyo wa zabibu zetu, samahani, upungue sana kwa ajili ya ini.

Miezi mitatu ikipita bila nafuu, usiondoke kliniki na cheti kilekile. Dozi ipande, au iongezwe dawa nyingine ya ugonjwa huu, salfasalazini au haidroksiklorokwini.