Sala ya kufungua kikao

Mwezi uliopita nilikaa kwenye ukumbi mmoja mjini Moshi nikiwasikiliza watu watatu wakizungumzia haki: mchungaji mwanamke wa Kilutheri, padri na shehe. Walisema vizuri. Ujira wa vibarua mashambani, rushwa, vijana wanaokamatwa bila kufikishwa mahakamani. Kisha mama mmoja wa Kibosho akasimama huko nyuma. "Wachungaji wangu, na wewe shehe wangu, haya ya serikali nimeyasikia. Mimi shemeji zangu wameniambia niwe nimetoka kwenye kihamba kabla mwaka haujaisha. Hilo nalo mnalisemaje?" Kihamba ni shamba la ukoo, la migomba na nyumba.

Padri akatazama saa yake.

Swali la kama viongozi wa dini waingie kwenye mambo ya haki au wabaki madhabahuni na mimbarini tunalijadili kila mwaka, na wanaosema wabaki hawana hoja ya kupuuzwa, hasa huku kwetu. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lililipuka kwenye kanisa Katoliki la Olasiti, Arusha, parokia ikizinduliwa, na watu wakafa. Baada ya hapo askofu na shehe kukaa meza moja halikuwa jambo la kupigia picha tena, lilikuwa la kuzuia mtaa usiwake. Aliyeziona siku zile akisema tuanze na amani, si mwoga. Shida ni kwamba mara nyingi anayeambiwa aitunze hiyo amani ni yule yule aliyedhulumiwa.

Wanaotaka waingie nao wana la kuonyesha. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo na Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA, walisimama pamoja nyuma ya utafiti kuhusu dhahabu yetu na kiasi kidogo tunachobaki nacho. Mwaka 2012 wakaja na mwingine kuhusu kodi zinazopotea. Katikati hapo, sheria ya madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu, yaani fungu ambalo mwenye mgodi huilipa serikali, kutoka asilimia 3 hadi 4. Sidai ni kazi yao, maana Kamati ya Jaji Bomani, ya serikali kuhusu madini, ilikwisha kusema na wabunge walikwisha kupiga kelele. Lakini mchimbaji wa Mirerani akiisikia hoja ya mrabaha kwa askofu na kwa shehe kwa pamoja, haiwi tena hoja ya chama fulani.

Waraka wa Pasaka wa Kanisa la Kilutheri, KKKT, wa 2018, enzi Askofu Fredrick Shoo wa hapa hapa Moshi akiwa Mkuu wa Kanisa, uliuma zaidi. Ikatoka barua ya kulitaka kanisa liufute, na waziri mwenyewe akaja kuikana barua hiyo. Ila ulikuwa waraka wa Walutheri. Wakatoliki walikuwa na wao wa Kwaresima.

Hapo ndipo Waislamu wengi wana kinyongo, na naona wana sababu. Mashehe wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walikaa mahabusu miaka mingi mpaka mashtaka yalipofutwa Juni 2021, na kilio chao kilisikika misikitini kuliko makanisani. Kuna pia makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii, ambayo Waislamu wameyalalamikia tangu hapo. Watetezi hujibu kwamba KCMC, hospitali ya kanisa hapa Moshi, haimuulizi mgonjwa dini yake. Kweli kabisa, ila anayeuliza habari za mgawo wa fedha hajauliza habari za wodi. Shehe anayealikwa kwenye meza ya haki ambako hayo hayatajwi ameitwa kujaza kiti.

Lakini mama wa Kibosho hakuuliza hayo. Uchaggani nyumba ya wazazi kwa desturi humwangukia kitinda mimba wa kiume, na makaburi yako humo humo migombani, kwa hiyo mjane asiye na mtoto wa kiume anaishi kwa huruma ya shemeji. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 hazikumsaidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilisema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Kati ya hizo mbili kuna karatasi moja: muhtasari wa kikao cha ukoo, unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo kufungulia mirathi. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Mtu wa Mungu hufungua kwa sala, hunywa chai, huaga. Mali zinapoanza kutajwa, yeye yuko barabara kubwa.

Ukumbini, shehe ndiye aliyejibu kwanza. Alisema Suratun-Nisaa ilishamtengea mjane thumuni mume akiacha watoto, robo asipoacha, na binti fungu lake. Mchungaji akauliza kwa upole: fungu ambalo ni nusu ya la kaka yake? Shehe akatabasamu. "Mchungaji, nusu yangu iko kwenye Kitabu na inatolewa. Usawa wako uko kwenye mahubiri."

Watu walicheka, na mchungaji naye. Shehe hakusema yote, maana wapo Waislamu wa Machame wanaoikumbuka mila ghafla siku ya kugawa shamba. Ila alimgusa penyewe. Wanaotaka kila muungano wa dini uanze na usawa kamili watabaki na Walutheri wachache wa mjini. Umri wa kuolewa umetuonyesha: Mahakama ya Rufani ilisema 2019 kwamba kumwoza binti wa miaka 15 ni kinyume cha katiba, kisha miaka ikapita wadau, wa dini wakiwemo, bado wanaombwa maoni. Mimi ningeanza na walichokubaliana tayari, kwamba mjane hatolewi kwenye nyumba, halafu wagombanie mafungu baadaye, na wagombane kweli.

Kumkosoa mwekezaji hakumgharimu mchungaji sadaka hata moja. Shemeji za yule mama, mmoja ni mzee wa kanisa.

Kikao chao cha ukoo kimepangwa Desemba 27, watu wa Dar wakiwa bado hawajarudi huko, na mchungaji yule ndiye aliyeombwa kufungua kwa sala. Nilimuuliza kama atakaa mpaka muhtasari usainiwe. Akasema atajitahidi, siku hiyo ana ndoa mbili.