Kabla ya Kununua Monita Mpya, Pima Hiyo Uliyo Nayo

Wapiga picha wa harusi hapa Kisumu wana lalamiko moja: picha iliyong'aa kwenye kompyuta inarudi kutoka kuprintiwa ikiwa na giza. Mashavu ya bibi harusi hayaonekani, suti ya bwana harusi imekuwa doa jeusi, na vitambaa vya zambarau vya wapambe vimegeuka buluu. Lawama inaanzia kwa mwenye printa, inahamia kwa kamera, na mwishowe mtu anaanza kuweka akiba ya kununua skrini mpya. Mimi nashikilia kwamba, mara nyingi, monita kuukuu iliyo mezani inaweza kuifanya kazi hiyo. Haijawahi kupimwa, yaani kukaguliwa na kurekebishwa ili mwangaza na rangi zake ziwe za kweli, basi.

Tuanze na mwangaza, maana hapo ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Monita za ofisi, zile za ex-UK (mtumba kutoka Uingereza) tunazonunua kwa shilingi elfu kadhaa, nyingi ziliundwa kufikia kandela (kipimo cha mwangaza) 250 au 300 kwa kila mita ya mraba. Picha ya kuprinti inataka uihariri kwenye mwangaza wa kati ya 80 na 120. Skrini ikiwa kali kupita kiasi, jicho linaridhika mapema. Unaona uso una mwanga wa kutosha, pengine hata unaupunguza kidogo, halafu karatasi ambayo haina taa nyuma yake inakuonyesha ulichofanya kweli. Wanaoumia kwanza ni watu wenye ngozi nyeusi, kwa sababu uzuri wa nyuso zao uko katika zile rangi za chini, mle ndani ya kivuli, ambamo skrini kali inaonyesha vitu ambavyo karatasi haiwezi kuvitoa.

Jambo hili lina historia, na linanigusa. Kwa miaka mingi Kodak iliwapa wenye maabara za picha kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Rangi ya ngozi ikitoka sawa kwake, mashine ilihesabiwa kuwa iko sawa. Sisi hatukuwa kwenye kipimo. Leo kipimo kiko mikononi mwetu, juu ya meza zetu wenyewe, na bado tunahariri nyuso za mama zetu kwa kukisia. Hilo siwezi kulikubali.

Kazi ya mwanzo haina gharama. Washa monita uiache kwa nusu saa, kwa sababu taa zake, hasa zile nyembamba za fluoreseni zilizotumika kabla ya LED kuenea, huchukua muda kutulia. Rudisha mipangilio ya kiwandani. Zima kila kitu kinachojiita hali ya sinema au ya michezo. Kisha shusha mwangaza kwa vitufe vya monita yenyewe, usiushushe ndani ya programu. Kama huna kifaa cha kupimia, fungua ukurasa mweupe mtupu, weka karatasi nyeupe kando ya skrini chini ya taa unayotumia kutazamia picha zilizoprintiwa, ushushe mpaka vyeupe hivyo viwili vikaribiane. Utashangaa namba kwenye menyu imeteremka kiasi gani. Siku mbili tatu utahisi skrini imefifia. Vumilia, jicho litazoea.

Rangi ya mwanga ndiyo inayofuata. Lenga Kelvini 6500 (kipimo cha weupe wa mwanga, kama ni wa manjano au wa buluu) na gama 2.2 (namna mwangaza unavyopanda kutoka giza hadi nyeupe), kwa sababu ndivyo sRGB, kanuni ya kawaida ya rangi za faili za picha, ilivyopangwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na maduka mengi ya kuprinti yanategemea faili za sRGB. Monita yenye taa za fluoreseni huwa ya manjano inapozeeka. Wengi hukimbilia kuongeza buluu, lakini buluu kwa kawaida imeshafika mwisho wake. Punguza nyekundu na kijani kidogo kidogo mpaka kijivu kiwe kijivu kweli. Utapoteza mwangaza kiasi, na kwa kuwa tulikuwa na mwangaza wa ziada, hakuna hasara. Ukishamaliza vitufe, fungua zana ya kurekebisha skrini iliyo ndani ya Windows (andika dccw kwenye sehemu ya kutafuta) uiache ikuongoze kwenye gama.

Kuna monita ambazo sitamshauri mtu azisumbukie. Inamisha kichwa au simama kidogo: kama uso wa mtu kwenye picha unageuka mweusi au unapauka, hiyo ni paneli ya TN, aina ya skrini ya bei nafuu, na hakuna kipimo kitakachoiponya, maana rangi ya juu ya skrini na ya chini hazilingani hata ukikaa wima. Tumia pesa yako kutafuta ya mtumba yenye paneli ya IPS, aina ambayo rangi zake hazibadiliki sana ukiitazama kwa pembeni. Dell U2412M ya mwaka 2011, kwa mfano, ina paneli ya IPS yenye pikseli 1920 kwa 1200, na kwangu mimi inashinda skrini mpya ya bei rahisi ambayo hujui ndani yake mna nini.

Chumba nacho kinahesabika. Jua la Kisumu likiingia dirishani alasiri linaiosha skrini nzima, na ukuta uliopakwa kijani au waridi unatupa rangi yake machoni mwako. Pazia zito na ukuta mweupe au kijivu nyuma ya monita vinatosha.

Sasa kifaa chenyewe, kile kinachotundikwa juu ya skrini na kusoma rangi. Kipya kinapita shilingi 20,000, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Lakini programu ya kukiendesha ni bure: DisplayCAL, inayotumia ArgyllCMS (programu nyingine ya bure inayofanya kazi ya kupima yenyewe), inakubali hata vifaa vya zamani ambavyo watengenezaji wake wameviacha. Kama unanunua cha mtumba, jihadhari na vile vya kale ambavyo vichujio vyake huchakaa kwa miaka na unyevu. Unyevu wa ziwa tunaujua. Kifaa kiitwacho i1Display Pro, kilichotoka 2011, kina vichujio vya kioo na kinadumu zaidi. Unapopima, chagua aina sahihi ya taa ya monita yako kwenye menyu, fluoreseni au LED, la sivyo kifaa kitasoma vibaya.

Kifaa hicho hakikai kazini kila siku. Hakuna sababu kila studio iwe na chake. Wapiga picha watano wakichanga, kila mmoja anatoa pesa isiyofikia malipo ya shughuli moja ndogo. Na pamoja na kifaa, ningependa tutengeneze picha yetu ya kulinganishia: nyuso kadhaa za watu wa hapa, kuanzia ngozi nyeusi kabisa hadi ya maji ya kunde, shati jeupe, suti nyeusi, kitenge chenye zambarau, na kipande cha kijivu. Iprintiwe kwenye duka lilelile tunalolitumia, kwenye karatasi ileile, bila duka kugusa rangi. Kila mmoja awe na nakala yake kando ya monita na faili yake ndani ya kompyuta. Kifaa kitakuambia kijivu kimekaa sawa. Picha hiyo itakuambia kama nyuso zimekaa sawa.

Kupima monita moja kwa kawaida hakumalizi saa nzima. Kifaa kinaweza kutoka barabara ya Oginga Odinga asubuhi, kifike Kondele mchana, kilale Milimani, na mwezi ujao kizunguke tena, kwa sababu taa za monita kuukuu zinaendelea kubadilika.