Ndizi zinazovuka Songwe nazo ni mauzo ya nje

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kikao cha wadau wa kilimo hapa Mbeya. Asubuhi nzima tuliongelea mauzo ya nje ya mazao ya bustani, na kila aliyesimama alimaanisha parachichi: aina ya Hass ya Rungwe na Njombe, vyumba vya ubaridi, kontena, soko la Ulaya na la India. Sina ugomvi na parachichi, limeezeka nyumba nyingi Tukuyu. Lakini hakuna hata mmoja aliyetaja ndizi zinazovuka mto Songwe kwenye mpaka wa Kasumulu kwenda Karonga, Malawi, na nilitoka pale nimeumia.

Mama yangu mdogo amesomesha watoto watatu kwa ndizi hizo. Hana kampuni wala ofisi. Ana daftari, simu, na wateja wa ng'ambo ya mto anaosalimiana nao kwa lugha yake mwenyewe, maana Mnyakyusa wa huku na Mngonde wa kule wanaelewana bila mkalimani.

Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza bidhaa kadhaa, zikiwamo ndizi, mchele na tangawizi. Aprili serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, na baada ya siku chache zuio letu likaondolewa ili wakubwa wazungumze. Nilimkuta mama mdogo siku hizo ameifunika mikungu kwa majani ya migomba, anaifunua mmoja mmoja. Iliyoanza kuiva aliikata chane, akazipanga barabarani na kuziuza kwa bei yoyote aliyotajiwa. Khanga yake ilikuwa na madoa ya utomvu hadi magotini. Parachichi la kontena lina chumba cha ubaridi cha kulisubirisha. Ndizi ya mama mdogo ilikuwa na kivuli cha mwembe.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba Malawi ina sababu zake. Fedha za kigeni zimewaadimikia, na wao pia wana wakulima wa kulinda. Sawa. Lakini marufuku hizi humpiga kwanza mwenye mikungu arobaini.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko marufuku. Mama anayevusha vitunguu Holili kwenda Taveta, Kenya, ana utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: mzigo usiozidi dola 2,000, kama ni wa asili ya jumuiya na umo kwenye orodha, unapata cheti rahisi cha uasilia, yaani karatasi ya kuthibitisha mzigo umetoka wapi, pale pale mpakani. Wa Kasumulu hana haki hiyo, kwa sababu Malawi haimo kwenye jumuiya yetu. COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, nayo ina utaratibu wa namna hiyo hiyo, na Malawi ni mwanachama, ila sisi tulijitoa mwaka 2000. Mto ni mmoja, soko ni moja, ukoo mara nyingi ni mmoja, na mama huyu amedondokea katikati ya jumuiya mbili. Akikwama kwenye makaratasi hubaki na njia mbili: amlipe mtu wa kumfanyia, au apitishe mzigo kwa mtumbwi usiku. Tukimkuta kwenye mtumbwi tunamwita mlanguzi!

Tanzania na Malawi zote zimo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Zinaweza kukaa na kukubaliana orodha fupi ya mazao, kiwango cha mzigo mdogo, fomu ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa Kiswahili na Chichewa, na mkaguzi wa mimea anayekuwepo kabla jua halijawa kali. Barabara tunayo, kituo cha mpakani tunacho. Wanunuzi wapo na hawajawahi kutusumbua.

Nimewaandikia waandaaji wa kikao kijacho nikiomba mama mdogo apewe dakika kumi. Bado sijajibiwa, na kesho nitawaandikia tena.