Gari la Shule Hukaguliwa Januari, Mtoto Hulipanda Kila Siku

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, katika miezi ya Juni na Julai, huku kwetu Moshono, Arusha, kunakuwa bado na giza, na ukungu unaoshuka kutoka Mlima Meru huwa umelala hadi kwenye migomba. Katika giza hilo mimi na wazazi wenzangu wanne husimama kando ya barabara na watoto waliovishwa sweta juu ya sweta, tukisubiri taa za gari ambalo tunalilipia kila muhula na ambalo, nikisema ukweli, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia ndani yake. Mlango unafunguliwa, tunampandisha mtoto, tunamkumbusha kumwamkia Anko, dereva, mlango unafungwa. Kinachoendelea kuanzia hapo hadi getini kwa shule tunakijua kwa kusimuliwa na mtoto wa darasa la pili.

Ukaguzi upo, na ningekuwa mwongo kama ningesema haufanyiki. Shule zinapokaribia kufunguliwa, Januari na Julai, askari wa usalama barabarani huyaita magari ya wanafunzi na kuangalia breki, matairi, taa, mikanda, kizimamoto, bima na leseni ya dereva, ambayo kwa anayebeba abiria lazima iwe ya daraja C, la ngazi inayolingana na gari lenyewe. Gari bovu hung'olewa namba mpaka litengenezwe. Ipo LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya mamlaka ya awali, SUMATRA, katika usafiri wa nchi kavu, na ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo wazazi wengi wa kituo chetu ni wadogo kwayo. Kwa upande wa karatasi hatujapungukiwa.

Tatizo ninaloliona ni kwamba ukaguzi huo una msimu, na jambo lenye msimu watu hulijiandalia. Fundi mmoja wa gereji aliwahi kuniambia, bila hata kushusha sauti, kwamba wiki ya kabla ya ukaguzi ndiyo mavuno yake, na kwamba si matairi yote anayoyafunga wiki hiyo hubaki kwenye gari baada ya hapo. Sina namna ya kuthibitisha neno lake. Lakini hata tukichukulia kwamba kila tairi ni halali, mkaguzi wa Januari hawezi kumwona dereva wa Machi, wala idadi ya watoto siku ambayo gari la pili limelala gereji, wala uamuzi unaofanywa ukingoni mwa korongo mvua ya masika ikiwa imeshika.

Wakazi wa Arusha hatuhitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017 gari la wanafunzi waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, wakapona watoto watatu tu. Na wengi wetu tulisimama Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuyaaga majeneza yale. Tarehe 12 Aprili 2024, hapa hapa mjini, katika kata ya Sinoni, gari lililokuwa likiwapeleka watoto shule lilisombwa na maji ya mvua, na tukazika tena. Sitaki kuyatumia maombolezo ya watu wengine kupamba hoja yangu, wala sijui zaidi ya wanavyojua wengine kuhusu makosa ya siku hizo. Ninachosema ni kwamba zote mbili zilikuwa siku za katikati ya muhula, ambapo hakuna askari aliyekuwa amepanga kukagua chochote.

Langu mimi ni dogo kuliko hayo, na pengine ndiyo sababu lilikaribia kupita bila kusemwa. Jumanne moja ya muhula uliopita binti yangu alirudi akaniambia kwamba Anko hakuja, alikuja kaka mwingine, na kwamba walikaa watatu watatu kwenye siti za wawili huku yeye akipakatwa na dada wa darasa la sita. Huyo kaka, kama nilivyokuja kufahamu, alikuwa deiwaka aliyeitwa asubuhi ile ile kwa sababu dereva wa kudumu alikuwa anaumwa. Hakukijua kituo chetu, akamshusha mtoto ng'ambo ya barabara, na mwanangu wa miaka minane akavuka peke yake mbele ya malori ya kokoto. Matroni, msimamizi wa watoto garini, hakuwapo. Kwenye daladala abiria mzima akibananishwa hupiga kelele, akadai levo siti, yaani kila mtu na kiti chake, akateremka. Mtoto hubanana akidhani ndivyo magari yalivyo.

Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, kwa adabu, bila kumtaja mtu. Jibu la msimamizi wa kundi lilikuja ndani ya dakika mbili: mambo ya aina hiyo yapelekwe ofisini, kundi ni la matangazo. Baada ya hapo kukawa kimya, yakafuata maua mawili ya kumtakia mwalimu fulani heri ya kuzaliwa. Usiku mama mmoja, ambaye mwanawe hukaa siti moja na wangu, akanipigia: "Mama Glory, umesema kweli kabisa, lakini kumbuka ni mwanao anayepanda hilo gari kesho." Hakuwa akinitisha, alikuwa akinionea huruma, na ndani ya huruma hiyo kuna jambo ambalo hakuna mkaguzi wa breki atakayelifikia. Mzazi anaogopa kwamba mtoto atanuniwa na dereva au ataachwa kituoni, ama ada iliyobaki itadaiwa siku hiyo hiyo kwa ukali usio wa kawaida. Pengine hofu hiyo haina msingi, lakini inatosha kutunyamazisha wazazi wote watano.

Namba zipo, polisi 112 na ile ya watoto 116, nami nashauri kila mzazi awe nazo kwenye simu. Lakini hakuna anayepiga 112 kwa sababu mtoto amepakatwa. Malalamiko ya namna hii, ambayo ni madogo leo na huenda yakawa makubwa mwezi ujao, yanahitaji mahali pa chini zaidi. Ningependa shule ilazimike kuwa na daftari la gari, ambalo kila asubuhi dereva anaandika jina lake, idadi ya watoto na hali ya breki na matairi, na ambalo mzazi anaweza kulifungua bila kuomba ruhusa ya mtu. Malalamiko yapokelewe na kamati ambayo mwenye magari si mjumbe wake, yapewe namba, na mlalamikaji apate nakala. Dereva wa deiwaka asiguse usukani kabla wazazi hawajatumiwa jina lake na leseni yake haijaonwa. Na mvua ikizidi, awepo mtu mmoja anayejulikana mwenye mamlaka ya kusema gari lisivuke, ili dereva asichague peke yake kati ya maji na lawama za kuchelewa.

Kuna kitu kimoja zaidi, ambacho kinanikera kuliko msongamano. Rangi ya njano ya magari ya wanafunzi ilikubaliwa Marekani mwaka 1939, nasi tumeiiga vizuri, lakini huko basi hilo likisimama na kuwasha taa nyekundu, magari mengine husimama kwa mujibu wa sheria. Hapa kwetu njano imekuwa rangi tu. Gari linaposimama, bodaboda hupita kushoto, kati ya mlango na mtaro, pale pale mtoto anapotua mguu. Nimekwisha kumvuta mtoto wa jirani kwa begi lake mara mbili.

Mwishowe niliandika barua, nikaipeleka ofisini Jumatatu na kusimama mezani mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri. Hadi naandika haya sijajibiwa. Alhamisi, hata hivyo, gari liliposimama, matroni alishuka kabla ya watoto, akaenda nyuma upande wa kushoto, akanyoosha mkono. Boda ya kwanza ilisimama. Ya pili ilimzunguka kwa kupitia mtaroni.