Ukaazi wa kudumu si uraia

Wengi wetu tulio ughaibuni tukishapata ukaazi wa kudumu tunashusha pumzi, faili linatupwa kabatini na mambo ya uhamiaji yanasahaulika. Mimi naona hapo ndipo hatari inapoanzia. Ukaazi ni ruhusa tu, na ruhusa ina masharti yake.

Sharti linaloumiza zaidi ni la kukaa nje ya nchi. Uingereza, kwa kawaida, ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo ukaazi wako unakufa wenyewe. Marekani, ukipitisha mwaka nje bila kibali maalumu cha kurejea, grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) peke yake haikurudishi. Mtu ameenda kuuguza mzazi, mwezi ukazaa mwezi, halafu uwanja wa ndege anawekwa pembeni aeleze kama kweli bado anaishi huko. Raia hakutani na swali hilo.

Kwa hiyo kama umeshatimiza vigezo vya uraia, omba. Ila kabla ya kulipa ada, hesabu siku. Marekani, njia ya kawaida inataka miaka 5 ya grini kadi, na ndani yake uwe umekuwepo nchini miezi 30 angalau. Safari moja iliyozidi miezi 6 tayari inazua maswali. Uingereza, siku za kuwa nje katika miaka 5 kabla ya maombi zisizidi 450, na mwaka wa mwisho zisizidi 90. Toa pasipoti zote, hata ile iliyokwisha muda, uandike tarehe ya kutoka na ya kuingia kwa kila safari. Mipaka mingine siku hizi haigongi mihuri, kwa hiyo tiketi za zamani zilizoko kwenye barua pepe usizifute.

Baada ya hapo jiulize unaacha nini. Mkenya wa kuzaliwa hana shida: tangu Katiba ya 2010, kuchukua uraia wa pili hakumwondolei wa kwanza. Kwa Mtanzania ushauri wangu unapoa. Mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake anapoteza wa Tanzania, na sheria ya ardhi inaanza kumhesabu kama asiye raia. Mwenye shamba na nia ya kurudi nyumbani, pengine ukaazi unamtosha. (Wanaowaita wenzao wasaliti kwa kuchukua uraia wa nje sijui wanawasaidia nini.)

Na watoto? Kuzaliwa Marekani kunatoa uraia karibu kwa kila mtoto. Uingereza ni tofauti: tangu Januari 1, 1983, kuzaliwa pale hakutoshi, lazima mzazi mmoja awe raia au awe tayari na ukaazi wa kudumu siku mtoto anazaliwa. Mzazi akichelewa kuupata, mtoto bado anaweza kusajiliwa kuwa raia, lakini kwa fomu yake na ada yake mwenyewe, na ada hiyo si ndogo.