Yule wa Nakuru tulimwita binamu

Huu ni mwaka wangu wa tano nikitunza wazee hapa Ujerumani. Kwenye korido yangu kuna mzee wa miaka 84, na kila Jumapili mumewe humletea keki aliyoifunika kwa taulo ya jikoni. Ndiyo, mumewe. Walioana baada ya Oktoba 2017, sheria iliporuhusu ndoa za jinsia moja. Daktari akitaka saini, ndiye anayepigiwa simu. Hakuna anayegeuza shingo.

Nilipomsimulia mama, alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Wazungu wana mambo yao, mwanangu. Wewe fanya kazi."

Hapo sikubaliani na mama. Mzee huyu ujana wake ulipita chini ya kifungu cha 175, kilichopeleka wanaume kama yeye jela. Ujerumani Magharibi pekee ilihukumu watu takriban 50,000 kabla ya kukilegeza mwaka 1969, na kikaja kufutwa kabisa 1994. Juzi tu, mimi nilikuwa nimeshaanza shule. Mwaka 2017 wakazifuta hukumu hizo na kuweka fidia: yuro 3,000 kwa kila hukumu, 1,500 kwa kila mwaka wa kifungo. Utadhani bei za dukani.

Chetu cha Kenya, kifungu cha 162, miaka 14 jela, tuliachiwa na Mwingereza. Kwake alishaachana nacho, sisi tunakilinda kama shamba la babu. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Halafu tunakiita utamaduni wetu!

Sisemi huku ni peponi. Treni ya usiku ikijaa vijana walevi, wanaume wawili walioshikana mikono huachiana haraka. Nimeshuhudia.

Lakini namkumbuka jirani wa Nakuru. Kwenye ploti yetu waliishi wanaume wawili chumba kimoja. Tulijua sote, hakuna aliyetamka. Tuliwaita mabinamu na maisha yakaendelea. Mmoja akaugua, akalazwa. Mwenzake akafika wodini na themosi ya uji.

"Wewe ni nani wake?" askari akamuuliza.

"Binamu."

Bahati mbaya mama wa mgonjwa alikuwa ameshafika kutoka kijijini, na hakuwa na mpwa wa jina hilo. Nilipopita jioni nilimkuta kwenye benchi nje ya geti, themosi mapajani, haijafunguliwa.